Kimbunga si cha watu wa pwani peke yao

Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia na safari za boti kati ya Unguja na Dar es Salaam zimesitishwa, nilimsikia mzee mmoja pale Dunga, ndani ya Unguja, akiwaambia vijana wasihangaike, kwani habari hiyo inawahusu wavuvi na wasafiri. Namheshimu mzee wangu, lakini kauli ile ilinikera, na inanikera zaidi kwamba huku shamba bado tunaishikilia.

Kimbunga cha Aprili 1872 hakikuishia bandarini. Ni kweli kwamba merikebu za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ziliangamia, lakini hasara iliyodumu ilikuwa shamba, ambako sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ilianguka, na Pemba iliyonusurika ndiyo iliyokuja kushika uzalishaji wa karafuu. Mkulima wa ndani, asiyemiliki hata ngalawa, alipoteza miti inayochukua miaka mingi kuzaa.

Nakubali kwamba tuko karibu na ikweta na vimbunga hutufikia kwa nadra. Hata hivyo, upepo hupungua nguvu ukiingia nchi kavu, ilhali mvua inaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Machi 2023 Kimbunga Freddy kilifika Malawi, nchi isiyo na bahari, kikiwa kimekwisha kudhoofika, na mvua yake ikaporomosha matope na mawe kutoka kwenye vilima vya Blantyre hadi juu ya nyumba za watu. Waliofariki nchini humo walizidi 600. Sisi hatuna milima kama ile, lakini tuna mabonde ambayo hatuachi kuyajenga, na mtaa wa Mwanakwerekwe hapa Unguja umewahi kugeuka ziwa kwa mvua za masika tu, bila kimbunga chochote.

Mabati yaliyolegea yapigiliwe misumari, na matawi ya miembe yanayoinamia paa yakatwe mapema. Hayo kila mwenye nyumba anayaweza. Lisilowezekana kwa mtu mmoja ni kupanga shehia nzima: Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, sheha aitangaze mpaka misikitini, wakaazi wa mabondeni wawe wanajua tangu kabla ya masika ni skuli gani watakayohamia na nani anashika ufunguo wake, na wawepo vijana waliokwisha kupangiwa nyumba za wazee na wagonjwa wasioweza kutembea wenyewe.