Dirisha la Nusu Saa: Nani Hasa Analihitaji?

Mkimbiaji amemaliza kilomita 25 za kasi. Hata viatu hajavua, yuko mbioni kutikisa chupa ya unga wa protini, kwa sababu ameambiwa misuli ina dirisha la dakika 30 na likijifunga kazi yote ya asubuhi imekwenda na maji. Mwenzake aliyekimbia naye anaoga, anajinyoosha kidogo, anakula mchana saa nane, na kesho yake wanakimbia tena bega kwa bega. Ubishi kati ya hawa wawili ni wa miaka mingi, na kila upande una ushahidi wake. Tatizo ni kwamba wanabishana juu ya saa waliyomaliza mazoezi, ilhali saa inayoamua ni ile watakayoanza mengine.

Tutazame kwanza kinachoisha. Mwili huweka akiba ya wanga kwa umbo la glaikojeni: takriban gramu 80 hadi 100 kwenye ini, na gramu 300 hadi 500 kwenye misuli, kutegemea ukubwa wa mtu na alivyokula siku zilizotangulia. Saa moja na nusu hadi mbili za mazoezi makali hutosha kuikausha akiba hiyo kwenye misuli iliyofanya kazi. Mwaka 1966 Jonas Bergström na Eric Hultman wa Sweden walijitumia wenyewe kwenye jaribio: kila mmoja alikanyaga pedali za baiskeli kwa mguu mmoja tu hadi akachoka, kisha wakala wanga kwa wingi kwa siku kadhaa. Mguu uliofanya kazi ulijaza akiba kupita kiwango chake cha awali. Ule uliopumzika ulibaki karibu vilevile, ingawa chakula kilipita kwenye damu moja. Maana yake ni kwamba msuli uliokaushwa ndio wenye njaa, na njaa hiyo hutengenezwa na kazi yenyewe.

Hapo ndipo watetezi wa dirisha wanaposimama. Msuli unapojikaza, husukuma visafirishaji vya glukosi hadi kwenye utando wa seli, hivyo sukari huingia hata kabla insulini haijapanda. Hali hiyo huwa kali zaidi katika saa moja ya kwanza. John Ivy na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba waendesha baiskeli waliocheleweshewa wanga kwa saa mbili walijaza glaikojeni kwa kasi iliyopungua karibu nusu, wakilinganishwa na waliopewa mara tu waliposhuka kwenye baiskeli. Dirisha, basi, si uzushi wa wauza unga.

Lakini mwaka 1997 jaribio jingine liliuliza swali ambalo la kwanza halikuuliza: baadaye inakuwaje? Wanamichezo waliochelewa saa mbili walipimwa baada ya saa 8 na tena baada ya saa 24, wote wakiwa wamekula jumla ileile. Tofauti haikuonekana. Aliyechelewa alikuwa amemfikia mwenzake. Akiba hujaa kwa takriban asilimia 5 kwa saa, kwa hiyo aliyeimaliza kabisa anahitaji saa 20 hadi 24 hata akila vizuri, na katika muda mrefu kiasi hicho nusu saa ya mwanzo haina uzito mkubwa.

Majaribio haya mawili hayapingani. La kwanza linamhusu mtu atakayerudi mazoezini chini ya saa 8 baadaye: mwenye vipindi viwili kwa siku, au anayeshindana mchujo asubuhi na fainali jioni. La pili linamhusu anayepumzika hadi kesho, ambaye ndiye wengi wetu.

Mwenye haraka ya kweli ana hesabu yake: gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa saa. Kiasi hicho kinapatikana kwenye gramu 250 za wali uliopikwa, au gramu 350 za viazi vya kuchemsha, au vipande vinne vya mkate vilivyopakwa kijiko cha asali, au ndizi mbivu mbili na glasi ya maji ya matunda. Ale kidogokidogo kila dakika 20 au 30, asirundike sahani moja. Kinachoharibu hapa mara nyingi ni mafuta na nyuzinyuzi. Viazi vya kukaanga na bakuli kubwa la mboga mbichi hushibisha haraka na kukaa tumboni muda mrefu, hivyo mtu hujisikia amekula vya kutosha ilhali wanga haujafika hata nusu.

Tumbo nalo hukataa. Wakati wa mazoezi makali damu huhamia kwenye misuli na ngozi, utumbo ukabaki na kidogo, ndiyo maana kichefuchefu baada ya mbio ndefu kwenye joto ni jambo la kawaida. Dawa yake ni kuanza na kitu cha kunywa kilicho baridi, kwa mafunda madogo, na kusubiri dakika 20 kabla ya chakula kigumu. Sukari ya kawaida na matunda vina faida nyingine isiyosemwa sana: fruktosi (sukari ya matunda) iliyomo, ikichanganyika na glukosi, hujaza akiba ya ini kwa kasi inayokaribia mara mbili ya glukosi peke yake. Fruktosi tupu kwa wingi, hata hivyo, huleta gesi na kuhara.

Kwa anayepumzika hadi kesho, saa haina shida. Shida ni jumla. Anayefanya mazoezi kati ya saa moja na tatu kwa siku anahitaji gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kilo. Kwa kilo 60, kiwango cha chini ni gramu 360, sawa na wali mtupu uliopikwa wa takriban kilo 1.3. Ni chakula kingi, na ndipo wengi wanapoanguka. Wanakunywa protini ndani ya dakika 10 na kujiona wamemaliza kazi, kisha wanapitisha mchana kwa vitafunwa vyepesi na jioni wanakula kwa woga wa kunenepa. Kesho miguu ni mizito kama gogo, na lawama inapelekwa kwenye dirisha lililokosewa kwa dakika tano.

Protini ina kazi yake, ila si ile inayodhaniwa. Wanga ukitosha, kuongeza protini hakuongezi glaikojeni. Inasaidia kujaza akiba pale tu wanga unapopungua, mathalani ukiwa gramu 0.8 kwa kilo kwa saa, labda kwa sababu tumbo limegoma. Kazi yake kubwa ni kukarabati nyuzi za misuli, na kwa hilo gramu 0.3 hivi kwa kilo katika kila mlo, mara nne kwa siku, ni kipimo kizuri. Mtu wa kilo 70 apate kama gramu 20 kwa mlo: mayai matatu, au gramu 70 za nyama ya kuku iliyopikwa. Gramu 300 za maharage yaliyoiva zinafika pia, lakini kwa nyuzinyuzi zake ziwekwe kwenye mlo wa pili, si saa ya kwanza.

Unga wa kopo, basi, una nafasi? Unayo, kwa anayesafiri au asiyeweza kutafuna chochote baada ya kazi ngumu. Ila virutubisho vya kopo vimewahi kukutwa na vitu vilivyokatazwa ambavyo havikuandikwa kwenye lebo, na kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli humwajibisha mwanamichezo kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Maziwa hayana mashaka hayo. Nusu lita ina takriban gramu 25 za wanga, gramu 17 za protini, na sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) na potasiamu ndani yake. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba maji yake hukaa mwilini zaidi ya maji ya kawaida na ya kinywaji cha wanamichezo. Ambaye maziwa humsumbua tumbo anaweza kujaribu mtindi.

Kuhusu maji, kambi ni mbili pia. Moja inasema kunywa ukisikia kiu, basi. Nyingine inasema kiu ni mshauri mbovu, kunywa kwa kipimo. Kambi ya kwanza ina hoja nzito kutoka Boston Marathon ya mwaka 2002: kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu baada ya kumaliza, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango salama, na ishara iliyoambatana nayo zaidi ilikuwa kuongezeka uzito njiani. Walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Maji ya ziada yaliizimua damu, na hali hiyo ikizidi huvimbisha ubongo na kuua. Mtu aliyekunywa sana, akaanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, asiongezewe maji hata kidogo. Apelekwe hospitali mara moja.

Kambi ya pili nayo haikosei kwa mwenye vipindi viwili kwenye joto, kwa sababu kiu hukatika kabla pengo halijafungwa. Huyu ajipime. Akojoe, apande mizani bila nguo kabla ya mazoezi, kisha ajikaushe jasho na apande tena baadaye. Tuseme alianza na kilo 62, akamaliza na 60.6, na njiani alikunywa nusu lita. Jasho lake ni lita 1.9 hivi, na pengo analopaswa kuziba ni kilo 1.4. Kila kilo ya pengo inahitaji lita 1.25 hadi 1.5, kwa kuwa sehemu ya kinywaji itatoka kama mkojo. Anahitaji kati ya lita 1.75 na 2.1, azigawe kwa saa mbili hadi nne. Asiye na kipindi kingine siku hiyo hahitaji hesabu hii: kiu na milo ya kawaida yenye chumvi vitamaliza kazi hadi kesho.

Akizimeza zote kwa mkupuo kama maji matupu, hadanganyi ila nafsi yake. Maji mengi ya ghafla hupunguza ukolezi wa damu, figo zinafungua bomba, na baada ya saa moja mkojo unatoka mweupe kabisa. Anaufurahia akidhani mwili umeshiba maji, kumbe mizani bado inaonyesha pengo. Kinachoyazuia maji yasitoke ni sodiamu, na lita moja ya jasho hubeba kati ya gramu 0.5 na 1.8 yake, tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Mwenye kubaki na ramani nyeupe za chumvi kwenye fulana huenda yuko upande wa juu. Mlo wenye chumvi ya kawaida pamoja na maji hutosha kwa wengi. Kama chakula kitachelewa, chukua lita moja ya maji, robo kijiko cha chai cha chumvi, ambayo ni gramu 1.5 hivi, na vijiko vinne vya chakula vya sukari. Usipandishe chumvi hadi kijiko kizima: kichefuchefu kitarudi na utaharisha. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo afuate kipimo cha daktari wake.

Ipo na shule ya mawazo inayotaka kinyume kabisa: usile wanga baada ya mazoezi ya jioni, lala hivyohivyo, asubuhi fanya mazoezi mepesi na akiba ikiwa chini. Hoja yake ni kwamba uhaba wa glaikojeni huongeza ishara zinazojenga mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli. Kwenye kiwango cha seli hoja hiyo ina msingi. Kwenye matokeo ya mbio, baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu na mengine hayakuonyesha tofauti. Ninachokiogopa ni mtu kugeuza mbinu ya mara moja moja kuwa njaa ya kila siku. Ukitoa nishati ya mazoezi kwenye chakula cha siku, kinachobaki kisishuke chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo ya mafuta. Mwenye kilo 50 za namna hiyo, akichoma kilokalori 900 mazoezini, akila chini ya 2,400 siku baada ya siku anaingia kwenye hatari: homoni zinashuka, hedhi inakatika, mifupa inapata nyufa. Vijana wanaokua, na yeyote ambaye hedhi yake imesimama au amewahi kuvunjika mfupa kwa kukimbia, wasijaribu kabisa.

Vidonge vya vitamini C na E kwa wingi baada ya kila zoezi siviungi mkono. Majaribio ya mwaka 2009 na 2014, yaliyotumia miligramu 1,000 za vitamini C kwa siku pamoja na vitamini E, yalionyesha kwamba huzima sehemu ya mabadiliko ambayo mazoezi yalikusudia kuyaleta. Tunda halina tatizo hilo. Pombe kwa wingi hupunguza ukarabati wa misuli hata ikiambatana na protini.

Amebaki mtu mmoja ambaye dirisha lile linamfaa kweli ingawa hashindani popote: anayefunga mazoezi saa mbili usiku na kuamkia mengine saa kumi na moja alfajiri. Ana saa tisa, na saba kati yake atakuwa amelala. Huyu anywe nusu lita ya maziwa na ale ndizi kabla hajafika bafuni, kisha gramu 300 za wali na mayai au samaki, mafuta kidogo, saa tatu ikigonga. Maji aliyobakiza ayanywe kabla ya saa nne, la sivyo atayalipa kwa kuamka mara tatu usiku. Kahawa aiache hata kama amesikia kwamba kafeini huongeza kasi ya kujaza glaikojeni: dozi iliyotumika mwaka 2008 kupata matokeo hayo ilikuwa miligramu 8 kwa kilo, ambazo kwa mtu wa kilo 60 ni kama vikombe vitano.