Msiwaite wavamizi

Mwandishi, umesema familia zilizotoka Usukumani "zimevamia" bonde la Bahi, hapa Dodoma. Mimi ni Mgogo wa hapahapa, na neno hilo linaniuma. Babu yangu alilima uwele na mtama. Mbuga inayofurika maji ya Mto Bubu kwake ilikuwa malisho tu. Majaruba, yaani vishamba vya mpunga vyenye kingo za kuzuia maji, tuliyajulia kwa hawa majirani Wasukuma, na leo dada zangu wanapandikiza mpunga pamoja nao. Halafu koo nyingi za Kigogo zenyewe husimulia asili ya Uheheni; nasi basi tulihamia!

Malisho yamebana, ni kweli, njia za mifugo zipimwe. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki za kimila. Halmashauri ya kijiji iwape majirani hawa hati hizo, watoto wao wamezaliwa hapa.