Lodi Aliyekwenda Kuposa Chumbageni

Dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, nauza spea za pikipiki. Chini ya kaunta, nyuma ya boksi la plagi, kuna vitabu kumi na kimoja nilivyovivisha majalada ya kalenda, maana majalada yake yenyewe hayafai kuonwa na mteja. Kila kimoja kina mwanamume aliyeshindwa kufunga vifungo vya shati, na mwanamke anayemwangukia kifuani kama aliyepigwa na jua. Ndani, kumbe, hakuna hata chembe ya hayo. Ndani watu wamefunga vifungo mpaka kooni na wanazungumzia mvua.

Ni hadithi za mapenzi za wakubwa wa Uingereza, za ile miaka tisa kuanzia 1811 mpaka 1820, Mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa wa akili na mwanawe akakalia kiti kwa niaba yake. Huku kwetu, Seyyid Said alikuwa bado yuko Maskati, hata wazo la kuhamia Unguja hajalipata. Mimi nilikuwa baharia kabla ya kuuza spea, na kitabu cha kwanza nilikikuta chini ya godoro la kabini, kimeachwa na aliyelala pale kabla yangu. Nikakianza kwa dharau. Zamu ya saa kumi alfajiri ikanikuta macho yamenitoka, nataka kujua kama yule bibi atapewa ruhusa ya kucheza dansi.

Na ruhusa ndiyo habari yenyewe. Kulikuwa na ukumbi London, mtaa wa King Street, ukiitwa Almack's. Kila Jumatano ya msimu kunachezwa dansi, na wanaoamua nani aingie ni mabibi wachache wenye vyeo, wanaotoa vibali kwa mkono wao. Fedha haikusaidii. Saa tano usiku mlango unafungwa, na inasimuliwa kwamba hata Wellington, jemadari aliyemshinda Napoleon, yeye na ushujaa wake wote, aliwahi kurudishwa pale mlangoni. Hao wanaobahatika kuingia wanakula nini? Mkate wenye siagi, na maji ya ndimu. Nilipomsimulia shangazi yangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Mkate na ndimu! Hapa Tanga angeandaa hivyo mtu shughuli yake, angehama mji."

Shangazi ndiye aliyenitia katika balaa hili. Miguu haimpeleki tena mbali, na tamthilia za kwenye runinga amezichoka, anasema watu wanavuana nguo kabla hawajaulizana jina. Nikamwonjesha hadithi moja, akanasa. Tangu hapo kila wiki natafsiri kurasa chache kwenye fulskepu, naweka kwenye bahasha ya kaki, na Alhamisi mjukuu wake wa darasa la tano anaipitia dukani akitoka shule, usiku anamsomea. Kuna wiki niliumwa nisiandike; shangazi alituma mtu aje aangalie kama kweli naumwa.

Alivielewa vitabu hivi haraka kuliko mimi. Mimi vyeo vilinichanganya, nikaishia kuwaita wote Lodi. Yeye akawapanga: huyu ni kama liwali, huyu akida, huyu jumbe tu anajikweza. Alipoambiwa kwamba bibi hatoki bila mama mtu mzima wa kumchunga, na kwamba akicheza zaidi ya mara mbili na mwanamume mmoja usiku mmoja mji mzima unawasema, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hawa wana haya." Na kwamba wanaleta mabinti mjini msimu wa Bunge, miezi ile mabwana wote wapo, waonekane na wachumbiwe, hilo nalo halikumshangaza. "Msimu ni msimu. Embe nalo lina msimu."

Ladha yake, kama hujaionja, ni ucheleweshaji. Ukurasa wa 40 wametazamana. Wa 90 wameshikana mikono, na mkono wenyewe una glavu. Glavu ikija kuvuliwa, kwenye 180 hivi, unahisi umeona kitu usichostahili kuona. Ni posa iliyovutwa kurasa mia tatu, basi. Kwa hiyo ilikuwa haki yake Mungu kwamba nije kuadhirika kwenye posa.

Mpwa wangu alipata mchumba Chumbageni. Wakatafuta mtu wa kuandika barua na kuongoza wazee, wakanichagua mimi kwa sababu eti najua kupanga maneno. Nikaiandika kwa moyo: Bismillahi, salamu kwa wazee, kisha ua tuliloliona katika bustani yenu, kisha sisi si watunzaji wabaya wa maua. Kurasa mbili za fulskepu, mwandiko wa kujivunia. Nikaitia kwenye bahasha ya kaki. Ilikuwa Alhamisi, na kwenye kaunta palikuwa na bahasha nyingine ya kaki.

Umeshaelewa. Mimi sikuelewa mpaka saa mbili usiku.

Tulikwenda watu watano, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata. Bahasha nimeifunga kwenye leso nyeupe pamoja na fedha ya kishika uchumba. Tukapokewa vizuri, kahawa, haluwa, habari za mvua (nikatabasamu peke yangu, nikijiona niko London). Nyuma ya pazia wanawake wamejaa, unasikia bangili. Baba mkubwa wa binti, mstaafu wa bandari, mtu wa sauti nzito, akafungua leso, akaweka fedha pembeni bila kuihesabu, akavaa miwani.

"Bibi mheshimiwa," akasoma.

Akasita. Akaangalia wenzake. Nikadhani kaguswa na mwandiko.

"Bibi mheshimiwa, nakuandikia bila kuzungusha maneno. Sikupendi, wala sioni dalili kwamba nitakuja kukupenda."

Jamani. Kuna baridi inaanzia kwenye visigino. Nilitaka kusema simama, lakini haluwa ilikuwa imenishika meno ya juu na ya chini. Na yule mzee alikuwa amesoma orodha za mizigo bandarini miaka thelathini. Akianza karatasi haachi mpaka ifike chini.

"Nina deni la kamari la pauni 14,000, na mirathi ya marehemu ami yangu sitaigusa nisipooa kabla ya kutimiza miaka thelathini na mitano. Nilikuona Almack's Jumatano iliyopita, ukizungushwa na yule kanali, nikaona kwamba huna tabia ya kucheka ovyo. Sifa hiyo yanitosha."

Nyuma ya pazia bangili zikanyamaza zote kwa pamoja.

"Tukishaoana, wewe utakaa shamba. Mimi nitabaki mjini na mambo yangu, na hatutaulizana. Kama una roho nyepesi, nijibu leo. Meno yangu yote ni mazima."

Mzee akavua miwani, akaikunja taratibu. Mpwa wangu hakuwepo, kama desturi, na namshukuru Mungu kwa desturi.

"Huyu kijana," akasema, "anacheza kamari?"

"Hapana mzee, hii si…"

"Al-maksi ni wapi? Ni baa?"

Hapa ndipo nilipopaswa kusema kwa kifupi: bahasha zimebadilishana, samahani. Sentensi moja. Lakini mtu aliyesoma vitabu kumi na kimoja kwa siri, akiulizwa mbele ya watu Almack's ni wapi, hawezi kujizuia. "Si baa, mzee wangu. Ni ukumbi wa heshima kabisa. Hawauzi pombe, ni maji ya ndimu tu, na mlango unafungwa saa tano."

"Kumbe unapajua."

"Na huyu kanali anayemzungusha mtoto wetu?" akadakia mjomba wa binti. "Jumatano ana kipindi cha jioni chuoni! Ndivyo anavyotuaga!"

Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya binti mwenyewe, juu juu kama ya kulia: "Wallahi mimi simjui kanali yeyote!"

"Mzee, deni lenyewe msilitazame hivyo," nikaendelea, na mpaka leo sijui nani alikuwa anausukuma ulimi wangu. "Kwa wale mabwana deni la kamari ni deni la heshima, analilipa kabla ya deni la fundi cherehani. Hata Brummell, aliyewafundisha wanaume wa London kufunga tai, madeni yalimshinda mwaka 1816 akakimbilia Ufaransa." Nikaona nyuso. "Simaanishi kwamba kijana wetu atakimbia."

Ami yangu, aliyekaa kushoto kwangu, akanifinya paja kwa nguvu ambazo mtu wa miaka sabini na minane hapaswi kuwa nazo.

Ndipo simu yangu ikalia. Mlio wangu ni mkubwa kwa ajili ya kelele za gereji. Ilikuwa ni shangazi, na shangazi usipompokelea hupiga mara kumi na tatu. Nikapokea nikiwa nimeinamisha kichwa, lakini ile simu yangu ina ufa kwenye kioo, na ukiigusa pale inajiweka yenyewe kwenye spika.

"Wewe!" sauti ikajaa sebule. "Huyu Lodi wako leo kaslimu?"

Kimya.

"Mtoto ananisomea hapa, anaanza kwa Bismillahi! Jumamosi kafilisika kwa karata, Alhamisi anaomba ua kwenye bustani na kuwasalimia wazee wa Chumbageni! Lodi anajuaje Chumbageni? Unaniandikia vitu vya kuokoteza sasa, umeona mimi mzee?"

Ami ndiye aliyeanza. Kwanza mabega, kisha kikohozi, kisha akaangua kicheko na kikombe chake kikamwagikia kanzu. Mimi nikapata upenyo, nikaeleza yote: baharia, godoro, kalenda, fulskepu. Nilikuwa naeleza mbele ya wanaume tisa wazima kwamba nasoma hadithi za mapenzi nyuma ya boksi la plagi, na wawili kati yao ni wateja wangu.

Baba mkubwa hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua simu, akaisogeza mdomoni. "Bibi, asalamu alaikumu. Hapa ni Chumbageni. Tafadhali mwambie huyo mtoto atusomee karatasi aliyonayo, tangu mwanzo."

Basi barua ya posa ya mpwa wangu ilisomwa na mtoto wa darasa la tano, kupitia simu yenye ufa, sisi wazee tumekaa tumeizunguka kama redio ya zamani siku ya mpira. Kwenye "watunzaji" alikwama mara tatu. Alipofika kwenye ua, yule mjomba aliyeulizia kanali alishusha pumzi. Mwisho mtoto akasoma na jina langu, na namba ya simu, kisha akauliza, "Mjomba, hii ndiyo imeisha? Hawajacheza."

Tulidhani mambo yamekwisha, tunatafuta kandambili zetu, pazia likasogea. Akatokeza bibi yake binti, kajifunga kanga, mswaki mdomoni. Hakunitazama mimi. Aliitazama ile fulskepu ambayo bado ilikuwa mezani, pembeni ya haluwa.

"Huyo mwanamke akamjibuje?"

"Nani, bibi?"

"Huyo aliyeambiwa atakaa shamba."

"Ah. Alimkatalia. Anasema heri abaki kwao aolewe na kasisi."

"Ana akili. Na wakitaka kuoana wazazi wakakataa, wanafanyaje huko?"

Ami alinifinya tena, lakini nilikuwa nimeshachelewa. "Wanatorokea Scotland, bibi, mahali panaitwa Gretna Green. Uingereza kulikuwa na sheria ya mwaka 1753, aliye chini ya miaka 21 haolewi bila idhini ya mzazi. Watu wa Scotland sheria hiyo haikuwahusu, ni mashahidi wawili tu. Unavuka mpaka usiku na farasi, unamkuta mhunzi, mnaoana pale pale kwenye fuawe lake."

Baba mkubwa akageuka akaangalia mlango wa uani, kama mtu anayekumbuka kwamba komeo lake bovu. "Tutawaletea jibu baada ya wiki," akasema. Nayo fulskepu haikurudishwa kwenye leso. Sikuthubutu kuiulizia.

Wiki ikapita. Dukani nikabadilishwa jina. Mafundi wote wa Ngamiani sasa wananiita Lodi, na mmoja akija kuchukua plagi hupiga goti. Jibu likaja Ijumaa, kwenye leso ile ile, wamekubali. Chini yake orodha, imepangwa kwa mwandiko mnyoofu wa mtu wa bandari: mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama, mashuka mawili ya bibi. "Mashuka mawili" yamekatwa kwa mstari. Pembeni, kwa mwandiko mwingine unaopanda na kushuka, imeandikwa: *Mashuka ninayo. Nataka ya Lodi yote iliyobaki, kwa herufi kubwa.*

Ami anasema ada ni ada, haibishaniwi. Harusi ni Shaabani. Naandika nakala mbili, moja ya Chumbageni na moja ya shangazi, ambaye ameapa hatasomewa nyuma ya mtu mwingine. Niko ukurasa wa 141 kati ya 312, na glavu bado ziko mkononi.