Taulo haliagi

Ukifika kwenye bomba la mtaani Sombetini, Arusha, asubuhi ukakuta madumu 14 yamejipanga na watu 5 tu wamekaa kivulini, hushangai. Unauliza wa mwisho nani, unaonyeshwa, unaweka dumu lako nyuma ya lake. Kama umeacha maharage jikoni, unamgeukia aliye nyuma yako: "Mama Neema, niangalizie, nakuja sasa hivi." Dumu hilo lina mwenyewe kwa sababu kuna mtu aliyeagwa. Zamu ikifika hujarudi, linasogezwa pembeni na wa nyuma anakinga. Ukirudi unaingizwa baada yake, au unanuniwa, kutegemea uliaga vipi na umekaa huko muda gani.

Sasa panda meli ya kitalii iliyotoka Miami jana jioni. Ni siku ya kwanza ya kukaa baharini, saa 1 asubuhi. Vitanda vya kuotea jua vimezunguka bwawa na karibu vyote vimeshatandikwa mataulo. Hapa kuna kitabu kimelazwa kifudifudi, pale kandambili ya mguu mmoja, kule chupa ya mafuta ya jua na kofia ya mtoto. Watu hawapo. Wako kwenye kifungua kinywa, wengine wamerudi kulala. Hawakumuaga mtu.

Nyumbani tunapenda kusema Wazungu wanajua foleni. Wanaijua kweli, lakini ya watu. Foleni ya vitu imewashinda, na nina hakika Sombetini inaiendesha vizuri kuliko meli yenye sitaha 20. Naandika hasa kwa vijana wa Arusha na Moshi wanaojiandaa kuja kufanya kazi kwenye meli hizi, maana baadhi hupangiwa kuanzia bwawani, na hakuna anayewaambia kuwa kazi yenyewe ni usuluhishi.

Tuanze na hesabu. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, ina mabwawa 7 na inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Hakuna meli yenye nafasi ya kumlaza kila abiria kando ya maji kwa wakati mmoja, na haijengwi kwa nia hiyo. Vitanda vinatakiwa vizunguke. Chukua eneo lenye vitanda 200, na jua la kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, yaani muda wa saa 8. Mtu wa kawaida akilala kwa muda wa saa 2 joto linamwinua. Vikizunguka vizuri, vitanda 200 vinatosha watu 800. Vikifungwa na mataulo mpaka jioni, vinatosha 200 walewale, na robo tatu ya muda vinaota jua vyenyewe.

Ndiyo maana kampuni zimeweka muda. Royal Caribbean wanasema dakika 30, Carnival dakika 40: kitanda kikikaa bila mtu zaidi ya muda huo, mfanyakazi anaruhusiwa kuondoa vitu na kumpa mwingine nafasi. Tangazo lipo wazi kando ya bwawa. Shida ni kwamba tangazo halitembei. Kuna familia ya Ujerumani ilikwenda likizo Rhodes, kisiwa cha Ugiriki; hoteli ina sheria yake ya dakika 30, lakini wafanyakazi hawakuitekeleza, na familia ikakosa vitanda vilivyoshikwa kwa mataulo. Ikaishtaki kampuni iliyowauzia safari, na Desemba 2023 mahakama ya Hannover ikaamua warudishiwe zaidi ya euro 300. Hiyo ni hoteli ya nchi kavu, si meli, ila ugonjwa ni uleule: sheria ipo, mtu wa kuitekeleza ni kijana anayeishi kwa tipu.

Tatizo halilingani siku zote. Meli ikitia nanga kwenye bandari kama Nassau au Cozumel watu wanashuka, bwawa linakuwa kimya mpaka alasiri. Moto unawaka siku za baharini, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Na kinachogombewa zaidi ni kivuli kuliko jua. Hapo meli inakuwa na vituko vyake, kwa sababu inageuka. Nahodha akibadili mwelekeo, kivuli kilichokuwa kushoto kinahamia kulia, na mtu mjanja anashika vitanda viwili, kimoja cha jua na kimoja cha kivuli, ili meli ikigeuka ahamie tu. Huyo ni mgumu kuliko aliyesahau taulo, kwa sababu yupo, ila yupo nusu.

Kazi inaanza kabla ya abiria kuamka. Usiku sitaha inaoshwa, vitanda vinapangwa upya na kufutwa. Kosa la kwanza hufanyika hapo hapo: mfanyakazi kutandika mataulo juu ya vitanda ili pavutie. Usifanye hivyo hata ukisifiwa. Taulo likishalala juu ya kitanda kabla mtu hajafika, hakuna atakayeweza kutofautisha lako na la abiria. Mataulo yakae kaunta, kila moja liandikwe kwa kadi ya chumba cha aliyelichukua.

Mzunguko ufanywe na watu wawili, uanze kona ileile kila mara na uende upande uleule. Kila mstari upewe herufi, vitanda vihesabiwe kuanzia ngazi. Ukifika penye vitu bila mtu, usikimbilie stika, ile ya kuandikia saa uliyokikuta kitanda kitupu. Angalia kwenye maji kwanza, kisha bafu za nje, kisha foleni ya baa. Uliza jirani wa kushoto na wa kulia. Ukishajiridhisha, andika saa kwenye stika na kwenye karatasi yako, maana stika peke yake haina ushahidi. Ibandike kwenye fremu ya kitanda. Ukiibandika kwenye taulo, unyevu na mafuta ya jua vitaing'oa, na taulo lenyewe linaweza kubadilishwa likaja jingine kavu bila stika. Tumia makapeni. Wino wa kalamu ya kawaida ukipata tone la maji unakuwa ramani.

Na hili ni letu peke yetu: ukiandika saa, andika yao. Saa 4 na dakika 10 asubuhi iandikwe 10:10. Ukiandika 4:10 kwa mazoea ya nyumbani, abiria atakusomea hiyo ni saa 10 jioni, na ubishi umeshindwa kabla haujaanza.

Mzunguko wa pili ni baada ya dakika zilizotangazwa kutimia, si mbili kabla. Uliza majirani tena. Kisha vitu vinaingia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, mwenzako akiangalia, bila kufungua pochi wala mkoba. Andika mstari, namba ya kitanda na saa. Ukiona simu, pochi au dawa, mwite msimamizi kwa redio kabla hujagusa chochote, kwa sababu dola 100 ambazo hazikuwepo huwa zinapotea kwenye mikoba ya namna hiyo. Mfuko unakwenda kaunta ya mataulo. Kitanda kifutwe na apewe mtu aliyesimama hapo, saa hiyo hiyo. Ukikiacha wazi dakika mbili, rafiki wa mwenye taulo atakitandika tena.

Mambo yanayoharibika yanajulikana. La kwanza ni kubadilishana zamu. Stika imeandikwa 10:30, yaani saa 4 na nusu, wewe unaondoka saa 5, mwenzako hana habari, anaanza kuhesabu upya. Karatasi ikabidhiwe mkono kwa mkono, isiachwe chini ya kaunta. La pili ni abiria wa dakika ya 35, kwenye meli ya dakika 40: anakuja, anakaa, anakunywa maji, anaondoka tena. Kisheria amevunja hesabu, na huna la kufanya zaidi ya kuandika upya. La tatu ni mlinzi wa ukoo, bibi mmoja anayelinda vitanda 6 vya wajukuu walioko kwenye mitelezo ya maji. Huyo usimpe stika. Ongea naye kwa adabu, mwombe abaki na viwili au vitatu, na mwonyeshe utakapompatia vingine wajukuu wakirudi. Bibi ni bibi, hata akiwa wa Texas.

La nne ndilo zito: tathmini. Mwisho wa safari abiria hujaza maoni, na jina la mfanyakazi likitajwa kwa ubaya linafika ofisini haraka kuliko likitajwa kwa uzuri. Kijana aliye kwenye mkataba wa miezi 6 au 9, anayesubiri kuitwa tena, atafanya hesabu yake. Aliyekosa kitanda analalamika kwa jumla, "hakuna nafasi". Aliyeondolewa taulo analalamika kwa jina. Msimamizi asiposimama mwenyewe bwawani siku ya kwanza ya baharini, akaonekana akiondoa mataulo kwa mkono wake, sheria imekufa safari nzima. Siku ya tatu ukianza kuifufua, abiria wanakuona mkorofi, na hawakosei sana.

Kwa wa kwetu wanaosafiri kama abiria, neno moja: usiondoe vitu vya mtu mwenyewe, hata kama umesimama saa nzima. Mtafute mfanyakazi, mtajie mstari na muda uliopaona patupu, mwache afanye. Au panda sitaha ya juu zaidi, au nenda nyuma ya meli. Kuna upepo, lakini kuna nafasi.

Sasa tusijisifu kupita kiasi. Panda kosta Arusha kwenda Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi, halafu hesabu wangapi ndani ni abiria kweli. Nusu ni vijana wa stendi waliokalishwa ili gari lionekane limejaa. Ukishalipa na kukaa, wanashuka mmoja mmoja kwa mlango wa mbele, na unabaki na siti tupu na jua la saa 7. Hayo ni mataulo yenye miguu. Na kwenye sherehe zetu, makochi ya mbele yenye vitambaa vyeupe hukaa tupu kwa muda wa saa tatu yakimsubiri mgeni rasmi huku wazee wamesimama pembeni. Hakuna wa kubandika stika pale. Meli angalau inakutangazia bei: ukitaka banda la kivuli la peke yako, unalipia.

Tofauti ni kwamba nyumbani, pale ambapo kitu kinagawanywa kila siku kati ya watu wanaojuana, tunajua kuagana. Begi kwenye siti ya kosta linakubaliwa kama aliye jirani atasema, "Yupo, kashuka kununua maji." Akikaa kimya, konda analibeba: "Mtu analipa, begi halilipi." Huko Machame na Marangu, mfongo, yaani mfereji wa maji ya shambani, una zamu ya kila nyumba, na asiyetokea siku ya kuusafisha anajua atapambana na nani maji yakikatwa kwake. Anayemkatia anamfahamu kwa jina, na anafahamu shamba lake lilipo.

Kwenye meli watu 5,000 wamekutana jana na wataachana Jumapili. Jirani wa kitanda akiulizwa "huyu yuko wapi?", anainua mabega, hata kama amemwona akiondoka saa mbili zilizopita. Hataki ugomvi wa watu asiowajua. Kwa hiyo shahidi hayupo, na taulo linabaki kujitetea lenyewe.

Ndiyo maana napendekeza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu cha mafunzo nilichowahi kukiona. Unapobandika stika, usiondoke kimya. Mgeukie jirani, tabasamu, mwambie: nimeandika 10:10 hapa, akirudi mwambie tafadhali. Sekunde tano. Umemfanya kuwa Mama Neema bila yeye kujua. Mwenye taulo akirudi anaambiwa na abiria mwenzake kabla hajakuona wewe, na maneno ya abiria mwenzake hayabishiwi kama yako. Asiporudi, jirani ndiye atakayekuita dakika zikitimia, kwa sababu sasa naye anahesabu.

Na jambo la mwisho ni la ukarani, maana hapa ndipo wengi hukamatika. Taulo uliloliondoa bado limeandikwa kwa kadi ya chumba cha yule abiria, na lisiporudi anaweza kukatwa karibu dola 25. Ukilitupa kwenye kapu la nguo chafu bila kulifuta kwenye orodha, siku ya mwisho atakuja na bili mkononi, na safari hii atakuwa na haki. Lifute kwanza, ndipo ulitupe kapuni.