Bad Religion na miaka ya Atlantic: walipoteza nini hasa?

Mashabiki wa panki, yaani roki ya kasi na ya ukali, bado wanabishana kama bendi ya Bad Religion ya California ilikosea, hata kujiuza, mwaka 1993 ilipoihama lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Epitaph na kusaini na lebo kubwa ya Atlantic. Ubishi una uzito, kwa kuwa Epitaph ilikuwa lebo ya nyumbani. Brett Gurewitz, mpiga gitaa wao na mtunzi wa karibu nusu ya nyimbo, ndiye aliyeianzisha ili bendi ipate pa kutolea rekodi zake. Humo ndimo ilimotoka Suffer ya 1988: nyimbo 15 ndani ya dakika zisizotimia 27, albamu iliyoiamsha panki ya California wakati wengi walishaizika.

Wanaoutetea mkataba wanasema lebo ndogo ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Stranger Than Fiction ya 1994 iliwapa rekodi ya dhahabu Marekani, yaani nakala nusu milioni, na gitaa halikulainishwa ili kumridhisha yeyote. Kwa hiyo tuhuma ya kujiuza siikubali.

Lakini utetezi huo nao una tundu. Mwaka huohuo The Offspring, bendi nyingine ya panki ya California, walitoa albamu ya Smash chini ya Epitaph, ikauza mamilioni. Lebo iliyodhaniwa ndogo ikafika mbali kuliko Atlantic ilivyowafikisha Bad Religion! Gurewitz akaiacha bendi abaki na kampuni yake. Uhusiano na wenzake nao ulikuwa umeshachacha.

Kwangu, hasara ilikuwa hapo, kwenye utunzi. Mwimbaji Greg Graffin aliubeba mzigo kadiri alivyoweza. Albamu ya The Gray Race ya 1996 naipenda kwa dhati, ina huzuni ya mtu anayefikiri. No Substance ya 1998, hapana. Nyimbo zinachoka kabla hazijaisha. Na kumbuka, 21st Century Digital Boy, mojawapo ya nyimbo zilizowabeba enzi za Atlantic, Gurewitz aliutunga zamani. Ulikuwa umeshatoka Epitaph mwaka 1990, wakaurekodi upya.

Mwaka 2001 Gurewitz alirudi kundini, na bendi ikarudi Epitaph. The Process of Belief ilipotoka 2002, ilifunguliwa na Supersonic, wimbo usiofika hata dakika mbili. Ukiusikiliza mara tu baada ya No Substance, huhitaji kuambiwa nani alikuwa amekosekana.