Mtoto Hajazaliwa, Chumba Kimeshajaa

Nauliza tu, maana kuuliza si ujinga: mtoto mchanga ana kilo ngapi? Kliniki wanasema wengi huzaliwa na kilo tatu hivi. Kilo tatu! Kuku wawili wa kisasa wanamzidi. Sasa kiumbe wa kilo tatu, hana meno, havai viatu, hana safari, inakuwaje vitu vyake vijaze Canter?

Mimi ndiye baba kijacho. Kinachokuja sijakiona bado, kinachoondoka nakiona kila mwisho wa mwezi. Mke wangu hii ndiyo mimba yake ya kwanza, na kwenye simu ameokota orodha ya vitu muhimu kwa mama wa mara ya kwanza. Nimeisoma kwa kidole kuanzia juu, nikachoka kabla sijamfikia mtoto mwenyewe. Kuna mashine ya kupashia moto vitambaa vya kumpangusia mtoto makalio. Jamani! Sisi tunakaa Mbagala, na tarehe ya kujifungua ni Februari. Februari ya Dar es Salaam maji ya bombani, yakijisikia kutoka, yanatoka yameshapashwa. Sasa wewe unapasha nini tena? Walioandika hiyo orodha wanaishi kwenye theluji, siwalaumu. Kuna na kamera ya kumchungulia mtoto akiwa amelala chumbani kwake. Chumbani kwake wapi? Tuna chumba na sebule, na ukiingiza kitanda cha pili mlango haufunguki. Mtoto akilia usiku, mpangaji wa chumba cha mwisho atagonga ukuta kabla kamera haijawaka.

Ila hayo tisa. Kumi ni kigari.

Nilipelekwa Kariakoo. Sikwenda, nilipelekwa. Muuzaji akakivuta katikati ya duka. "Bosi, hiki kinakunjika, kina breki, kina kofia ya jua, kina mpaka pa kuwekea kikombe." Kikombe cha nani, na mtoto ananyonya? Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Nilipojaribu mimi kikanibana kidole. Natafuta pa kupuliza, nasikia mke wangu anauliza, "Rangi ya kijivu ipo?"

Nikamvuta pembeni. Mama, nikamwambia, hebu tuikumbuke njia ya kwetu. Ukishuka daladala unakuta mchanga, ukimaliza mchanga unakuta mtaro, na juu ya mtaro kuna ubao ambao hata bodaboda akifika anashusha abiria, avuke kwa miguu yake. Hapo masika hayajaanza. Kigari kitasukumwa wapi? Nitakibeba mimi kichwani, mtoto yuko mgongoni kwa mama yake, majirani waseme hao wanahama. Na kwenye daladala je? Konda ambaye kiroba cha mkaa anakitoza nauli, kigari chenye breki atakiacha?

Siti ya gari ya mtoto nayo imo kwenye orodha. Hiyo sikubishana nayo, kwa mwenye gari ni kitu cha maana kabisa, kinaokoa roho. Nikauliza tu gari letu limeegeshwa wapi, nisije nikawa nadaiwa maegesho bila habari.

Kliniki nao wana orodha, na hiyo pekee ndiyo niliyoipenda, maana imeenea nusu ukurasa. Doti za khanga au vitenge vilivyofuliwa, mpira wa kutandika, pamba, glavu, beseni, ndoo, nguo chache za mtoto, kofia na soksi. Chandarua chenye dawa mjamzito anapewa bure hapohapo. Wanaume tuliosindikiza tulikuwa wachache, tumejikunyata kwenye benchi la nyuma, nesi akatuita mbele. Akasema miezi sita ya kwanza mtoto ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Nikapiga hesabu palepale: chupa za kunyonyeshea zimekufa, mashine ya kuchemshia chupa imekufa, kifaa cha kupasha maziwa kimekufa. Nilitamani kumkumbatia yule mama. Akaendelea: kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe kitu, poda haina lazima, vumbi lake mtoto analivuta kifuani, na mtoto alazwe chali, bila mto.

Bila mto! Na kwenye orodha yetu mto upo, una umbo la moyo, pamoja na vile vigodoro vya kuzungushia kitanda cha mtoto. Usiku nikaingia kwenye simu na mimi. Marekani wenyewe mwaka 2022 walitunga sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa vigodoro hivyo, kwa sababu mtoto anaweza kukosa pumzi. Kile kifaa cha magurudumu anachosimamishwa mtoto ajifunzie kutembea kabla miguu haijakomaa, Kanada walishakikataa tangu 2004. Mimi huku bado naulizwa nachagua picha za tembo au twiga.

Nikasema mkombozi wangu ni mama mkwe. Akaja kutoka Muheza, nikampokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, na gunia la machungwa juu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukafika salama. Kuingia ndani akaona vifurushi kwenye kona, akashika kifua. "Nyie! Mtoto hajafika mnamnunulia nguo? Mnamchuria!"

Sijawahi kumpenda mama mkwe kama siku ile. Mke wangu akanuna, mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Mama amesema. Nani ambishie mama?

Furaha ikadumu mpaka chakula cha usiku. Kumbe naye ana orodha, tena yake haina karatasi, imo kichwani tangu enzi za bibi yake. Mkaja wa kumfunga mzazi tumbo. Ndoo ya maji ya kumkanda, na kuni, maana ya gesi eti hayakandi vizuri. Unga wa uji, pilipili manga, tangawizi, asali, chupa kubwa ya chai. Kuku wa kienyeji, arobaini nzima, na usimletee wa kisasa, yule hana mchuzi. Nikauliza kwa adabu, "Mama, na haya tukiyanunua mapema si tunachuria?" Akanitazama kwa huruma. "Haya ni ya mzazi. Mzazi si huyu hapa?" Hoja hiyo nimeilalia, nimeiamkia, jibu sijapata.

Kisha akasema, "Na mbeleko."

Hapo nikakaa sawa. Maana kwenye mahari mbeleko niliilipa. Nakumbuka mjomba wao alivyokuwa akiisoma barua kwa sauti ya taarifa ya habari: mkaja wa mama, mbeleko, blanketi la babu. Nikajikohoza. "Mama, si ile niliilipia?"

"Ile ilikuwa ya kumbebea mkeo, baba. Nimeshambeba."

Mke wangu alicheka mpaka nikaogopa ataanza uchungu.

Lakini mwanamke yule ana akili. Akafungua furushi lake, akatoa khanga kuukuu, zimefuliwa mpaka maandishi yamefutika, laini kuliko chochote nilichoshikishwa Kariakoo. Zilizochakaa zaidi anakata nepi, nzima zinabaki za kumfunika na za kumbebea. Hazina breki, hazina pa kikombe, na mtaro zinavuka. Ubaya wake ni kwamba sasa tuna vita vya nepi na pampasi. Mtoto mchanga kumbadilisha mara nane kwa siku ni kawaida. Nane mara thelathini, 240 kwa mwezi, na mangi wa dukani anauza mojamoja ili zikuume vizuri. Nikaunga mkono nepi kwa sauti kubwa, nikagonga na meza. Mama mkwe akauliza, "Nani atafua?" Wote wawili wakanigeukia. Nimerudi kwenye pampasi.

Sasa limeanza la sherehe ya mama kijacho. Kuna kamati, kuna kundi la WhatsApp, kuna sare, na mimi natakiwa kuchangia kima cha juu kwa kuwa ndiye mhusika. Yaani nachanga nikanunuliwe zawadi. Na zawadi zenyewe nazijua, kwa shemeji yangu walileta mabeseni yenye vifuniko mpaka dirisha likazibika, na nguo zote saizi ya mtoto aliyezaliwa leo. Hakuna anayefikiria kwamba mtoto anakua, ikifika mwezi wa tatu hazimpiti kichwani.

Ofisini nikaenda kuomba likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, akijifungua pacha 100. Baba anapewa siku tatu, tena azichukue ndani ya wiki ya kwanza. Siku tatu! Kutoka Mbagala mpaka Kariakoo kurudisha mto wa moyo, hiyo tayari ni moja. Bosi akaniuliza siku tatu zote hizo nakwenda kunyonyesha?

Hapa ninapoongea simu imeingia ujumbe. Mke wangu amenitumia picha ya bembea ya umeme, inamtikisa mtoto yenyewe huku inaimba. Nikamwandikia, sasa mama aliyetoka Muheza atakuwa anafanya kazi gani? Akajibu mama atapumzika. Nikamwandikia umeme ukikatika? Akajibu hiyo hiyo inakubali na betri.

Betri zinauzwa mbali. Nimeshauliza.