Hata ndege wa ziwa letu walishabadilisha chakula

Nimesoma hii habari ya pengwini wa Afrika Kusini wanaokosa chakula mpaka mwisho, imeniuma sana. Samaki wao sadini wamehama mbali na visiwa vya pengwini, na pengwini haruki, akiwa na vifaranga kwenye kiota hawezi kuwafuata samaki hivyo watoto wanakufa njaa. Korti ya Pretoria ilifanya vizuri Machi 2025 kufunga uvuvi wa sadini karibu na makoloni 6 ya pengwini (sehemu wanakozaliana) kwa miaka 10.

Lakini jamani hata sisi huku Uganda tusione ni mambo ya bahari tu. Ziwani Victoria mputa (sangara) alipokaribia kuwamaliza nkejje (furu) miaka ya 80, ndege kama mnandi na mdiria waliokuwa wakiwala walihamia kwa mukene (dagaa), na mukene ni mdogo kwa hiyo mdiria ilibidi akamate samaki wengi zaidi kwa siku ndo ashibe, fikirieni ile kazi ya kupiga mbizi tangu asubuhi!! Nkejje waliporudi kidogo miaka ya 90 mdiria naye akawarudia. Sasa huyo mukene tunamvua usiku na mataa, tani kwa tani, nyingi zinaenda chakula cha kuku. Tuwaachie ndege kitu tafadhali